Kukuza Mpopi wa Samawati wa Himalaya katika Nyanda za Juu za Nakuru

Mpopi wa samawati wa Himalaya ni ua ambalo mpenda bustani akiliona mara moja hulitamani siku zote. Petali zake ni nne, wakati mwingine zaidi, pana na laini, zenye mikunjo kama ya kitambaa kilichotoka kukunjuliwa sandukuni, na katikati yake pamekaa duara la stameni za rangi ya dhahabu. Ua moja hufikia upana wa sentimita 8 hadi 10, nalo hubebwa juu ya bua lenye urefu wa takriban mita moja. Majani na mabua yamefunikwa na nywele za kahawia iliyoingia dhahabu, na baada ya manyunyu kila unywele huonekana umeshika tone lake la maji. Mimea yenye maua ya samawati halisi ni michache. Mengi tunayoyaita ya samawati yana zambarau ndani yake, lakini hili, likikuzwa ipasavyo, halina.

Mwongozo huu unamlenga mtu wa Kaunti ya Nakuru, hasa anayeishi au aliye na shamba Molo, Elburgon, Kuresoi au Mau Narok, pamoja na jirani zetu wa Timboroa, ambaye yuko tayari kuuhudumia mmea kwa zaidi ya mwaka mmoja, na pengine miwili, kabla ya kuliona ua lake. Kazi hii haidai mtaji mkubwa. Inadai ratiba, na ratiba hiyo ndiyo kiini cha yote yatakayofuata: mpopi huu hauwezi kudumu bila majira ya baridi kali, nasi hatuna majira hayo, kwa hiyo miezi ya kiangazi chetu, kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Machi, ndiyo itakayogeuzwa kuwa baridi yake, ndani ya jokofu.

Spishi ya kuchagua

Mipopi ya samawati imo katika jenasi ya Meconopsis, ambayo ina spishi nyingi, na si zote zinazomfaa mkulima wa bustani. Nyingine, kama Meconopsis horridula, hutoa maua mara moja tu, huzaa mbegu na kufa. Zinazotafutwa hapa ni zile zinazodumu, ambazo majani yake hunyauka wakati wa baridi lakini kitako chake, yaani sehemu ya chini panapokutana shina na mizizi, kikabaki hai ardhini na kuchipua upya mwaka unaofuata.

Majina yake yana historia ambayo mnunuzi wa mbegu anapaswa kuifahamu. Meconopsis betonicifolia ilielezwa kisayansi mwaka 1889 na Mfaransa Adrien Franchet, kutokana na mimea iliyokusanywa na mmisionari Delavay katika jimbo la Yunnan, nchini China. Mwaka 1913 afisa Mwingereza, Frederick Marshman Bailey, alilichukua ua linalofanana nalo sana huko kusini-mashariki mwa Tibet, na mwaka 1924 mkusanyaji wa mimea Frank Kingdon-Ward alikusanya mbegu katika eneo hilo hilo, zikapelekwa Uingereza, na miaka miwili baadaye watu wa London wakaliona ua lenyewe. Kwa miongo mingi mmea wa Tibet ulihesabiwa kuwa ni ule ule wa Yunnan, hadi mwaka 2009 mtaalamu wa mimea Christopher Grey-Wilson alipoutenga tena kwa jina la Meconopsis baileyi. Matokeo yake ni kwamba mimea mingi iliyokuzwa bustanini kwa jina la betonicifolia kwa hakika ni baileyi, na pakiti yenye jina lolote kati ya hayo mawili inafaa kwa kazi hii.

Ipo pia Meconopsis grandis, iliyo na umbo kubwa zaidi, pamoja na machotara yake. Chotara aitwaye Lingholm huzaa mbegu zinazoota na husifiwa kwa kudumu miaka mingi kuliko baileyi; yule aitwaye Slieve Donard ni tasa, hivyo huongezwa kwa kugawanya vitako pekee. Kwa kuwa kusafirisha mmea mzima kutoka ng'ambo ni shughuli ngumu kuliko kusafirisha pakiti ya mbegu, ushauri wangu kwa anayeanza ni achague baileyi au Lingholm na aanzie kwenye mbegu.

Mahali panapofaa na pasipofaa

Kwao, mpopi wa baileyi huota kati ya takriban mita 3,000 na 4,000 juu ya usawa wa bahari, pembezoni mwa misitu na kwenye vichaka, mahali ambapo kiangazi chao, yaani miezi yao ya joto, huja na mvua na ukungu, na majira ya baridi huja na theluji. Ulaya, mmea huu hustawi Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, huku ukiwashinda wakulima wengi wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo hiyo, ambako kiangazi ni kikavu na chenye joto. Ikiwa tofauti ndogo kiasi hicho ya hali ya hewa huamua uhai wake, ni wazi kwamba sisi tunaoishi karibu kabisa na ikweta tunapaswa kuchagua mahali kwa uangalifu.

Kadiri unavyopanda mlima, joto hushuka kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100. Mji wa Nakuru uko kwenye takriban mita 1,850, Molo iko karibu na mita 2,500, na Mau Narok na Timboroa ziko juu zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kutoka mjini Nakuru hadi Molo unapata nafuu ya takriban nyuzi nne, na nafuu hiyo ndiyo inayotenganisha mche unaokua na mche unaodumaa. Mjini Nakuru, ambako joto la mchana mara nyingi hukaribia au kupita nyuzi 25, sipendekezi kujaribu. Kericho ina udongo mzuri wenye asidi, kama mashamba yake ya chai yanavyothibitisha, lakini iko chini ya kiwango ninachokipendekeza. Chukua mita 2,500 kuwa mpaka wa chini, na ukiwa na nafasi ya kupanda juu zaidi, panda.

Kwa mkaazi wa Kisumu, Kakamega au Busia, jibu la kweli ni kwamba mmea huu hautamfaa. Ziwa Victoria liko kwenye takriban mita 1,130, na joto la mchana la nyuzi 30 si jambo la ajabu. Anayetaka ua la samawati huko apande plambago, yaani Plumbago auriculata kutoka Afrika Kusini, ambayo huvumilia jua na hupogolewa ikawa uzio mzuri.

Ndani ya shamba lenyewe, tafuta upande wa mashariki wa nyumba au wa miti, ili mmea upate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tano hivi. Mwangaza wa ikweta ni mkali hata kukiwa na baridi, kwa hiyo pasipokuwa na kivuli cha asili, tandika wavu wa kivuli unaozuia takriban nusu ya mwanga, ukiuinua mita mbili kutoka ardhini ili hewa ipite. Usipande chini kabisa ya misaipresi au mikaratusi; mizizi yake hunyonya maji yote, na mpopi hauwezi kushindana nayo. Vilevile epuka bonde ambako hewa baridi ya usiku hutuama. Mmea uliolala huvumilia jalidi bila tabu, lakini machipukizi mapya na vichomozo vya maua vinaweza kuungua kwa usiku mmoja.

Kibali kabla ya mbegu

Mbegu za mmea huu hutoka ng'ambo, na sheria ya Kenya inataka kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kipatikane kabla ya mbegu kutumwa, si baada ya kufika. Muuzaji naye anapaswa kuambatisha cheti cha afya ya mimea kilichotolewa na mamlaka ya nchi yake. Katika ombi andika jina kamili la kisayansi, Meconopsis baileyi kwa mfano, wala usiandike "popi" peke yake. Papaver somniferum, mpopi unaotoa kasumba, ni mmea uliopigwa marufuku kukuzwa nchini, na ingawa mpopi wa samawati ni wa jenasi nyingine, jina la jumla linaweza kuzua maswali na kuichelewesha pakiti bure. Kucheleweshwa huko kuna hasara kubwa, kwa sababu mbegu za Meconopsis hupoteza uhai haraka zikikaa kwenye joto. Agiza mbegu za msimu uliopita tu, na zikifika zitie kwenye bahasha ya karatasi ndani ya chupa iliyofungwa, kisha uweke jokofuni mpaka siku ya kusia.

Udongo na maji

Hapa ndipo desturi zetu nyingi za shambani zinapopaswa kuwekwa kando. Mkulima wa mahindi wa Bungoma au Kakamega amefundishwa kunyunyiza chokaa kwa sababu udongo wake una asidi nyingi. Mkulima wa mboga wa Nakuru amezoea kumwaga jivu la jikoni kwenye kitalu. Mpopi wa samawati unataka kinyume cha hayo. Unapenda udongo wenye asidi ya wastani, pH (kipimo cha asidi) kati ya 5.5 na 6 hivi, na chokaa au jivu kidogo tu huweza kuuharibia.

Sababu ya asidi hiyo inagusa rangi yenyewe ya ua. Watafiti wa Japani walichunguza petali za Meconopsis grandis na kuona kwamba samawati yake hutokana na sianidini, rangi ambayo katika maua mengine huleta wekundu, ikiwa imeungana na ayoni za chuma. Katika udongo wa alkali madini ya chuma hufungika na mizizi hushindwa kuyanyonya. Mmea huanza kuonyesha majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, na maua yake, yakitokea, hufifia na kuelekea zambarau. Kabla ya kutumia fedha nyingine yoyote, peleka sampuli ya udongo wako kwenye maabara, kama zile za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, na usubiri majibu.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za mboji ya majani, sehemu moja ya udongo wa juu wa shambani na sehemu moja ya changarawe nyepesi za volkano, zile zinazochimbwa kwa wingi katika Bonde la Ufa. Mboji bora ni ya majani ya msonobari yaliyooza kwa mwaka mzima au zaidi, na mtu wa Elburgon au Timboroa hakosi misonobari karibu. Lakini majani yaliyo ndani ya msitu wa serikali yachukuliwe kwa ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Changarawe hupitisha maji, mboji huyahifadhi, na mmea huu unataka yote mawili kwa wakati mmoja: unyevu usiokatika na maji yasiyotuama. Ukiufinya mchanganyiko mkononi ushikamane, na ukiugusa kwa kidole uachane. Samadi iwe ya ng'ombe, iliyooza kabisa, na iwe kidogo. Samadi ya kuku ni kali mno.

Maji yanahitaji tahadhari ile ile. Visima vingi vya Nakuru hutoa maji yenye floridi na baikaboneti nyingi, na kuyatumia mfululizo huinua pH ya udongo polepole hata kama uliuandaa vizuri. Tumia maji ya mvua. Paa la mabati na tangi la lita elfu moja hutosha kabisa kwa mimea michache, mradi tangi lijae kabla ya mvua za mwisho wa mwaka kukatika.

Kusia mbegu

Siku ya kusia iwe katika Aprili au mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa zimekwisha kuipoza hewa. Mbegu huota vizuri kwenye joto la nyuzi 10 hadi 15, na joto likizidi sana hapo zinaweza kukataa kuota au zikaota chache.

Chukua trei yenye matundu chini, iliyooshwa kwa maji ya moto na sabuni. Ijaze mchanganyiko uliochekechwa kwa chekecheke ya matundu madogo, ubakishe sentimita moja juu, kisha usawazishe kwa kipande cha ubao bila kuushindilia. Iweke trei ndani ya beseni lenye maji ya mvua yanayofika nusu ya kimo chake, na usubiri mpaka uso wa udongo ugeuke kuwa mweusi kwa unyevu; hapo itoe na uiache ichuruzike. Mbegu ni ndogo, zinakaribia za mchicha, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kijiko kimoja ili ziweze kutawanyika, halafu zinyunyize kutoka juu kidogo ukizungusha mkono. Usizifukie. Mbegu hizi huhitaji mwanga ili ziote, na kosa linalowapata wengi ni kuzifunika kwa udongo kama za sukuma wiki. Zikandamize kwa ubao ili zigusane na unyevu, basi.

Funika trei kwa kioo au plastiki angavu na uiweke mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Miche huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na mingine huchelewa zaidi, kwa hiyo usiitupe trei mapema. Mara miche ya kwanza inapochomoza, inua kile kifuniko kila siku ili hewa iingie, na baada ya siku chache kiondoe kabisa. Adui wa hatua hii ni kinyausi, ambapo shina la mche huoza pale linapogusana na udongo, mche ukaanguka asubuhi ukiwa bado wa kijani. Ugonjwa huu hupenda unyevu wa juu, msongamano na hewa iliyokwama, na dawa za ukungu za agroveti huuzuia zaidi kuliko kuuponya. Endelea kumwagilia kutoka chini, kwa beseni, na pale ulipoona miche imeanguka, chota udongo wa sehemu hiyo kwa kijiko na uutupe mbali.

Kutoka miche hadi Desemba

Mche ukiwa na majani halisi mawili au matatu, uhamishe kwenye kikopo au kiriba chenye upana wa sentimita saba. Ushike kwa jani, kamwe si kwa shina, na uuinue pamoja na donge la udongo wake, kwa kuwa mizizi ni membamba na haipendi kusumbuliwa. Kazi hii itaangukia Juni au Julai, na Julai, kwa mtu wa Molo, ni mwezi wa mawingu, manyunyu na baridi inayopenya koti. Kwa mpopi, huo ndio wakati mzuri kuliko yote. Miezi ya Juni hadi Septemba katika nyanda zetu za juu inakaribia mno kiangazi cha mvua cha Himalaya, na miche inayotunzwa vizuri katika kipindi hiki hutanua majani kwa kasi.

Mara mizizi inapoanza kuchungulia chini ya kikopo, usingoje. Uhamishie mmea kwenye chungu cha sentimita 15. Mche uliosongwa mizizi ungali mdogo hudumaa, na ni vigumu kuurudisha. Mbolea ya maji iliyozimuliwa mpaka nusu ya nguvu inayopendekezwa kwenye kifungashio, mara moja kila wiki mbili, inatosha hadi mwisho wa Septemba. Baada ya hapo acha kulisha kabisa.

Wadudu ni wa kawaida. Konokono na koa ndio wabaya zaidi, kwa kuwa koa mmoja humaliza trei nzima usiku mmoja. Wakague na kuwaokota kwa tochi saa mbili za usiku, hasa baada ya mvua. Vidukari hujificha katikati ya mmea, ndani ya majani machanga yenye nywele, na huondolewa kwa maji ya sabuni isiyo kali. Ukiona madoa ya njano juu ya jani na utando wa kijivu upande wa chini, huo ni ukungu. Kata jani hilo, litie kwenye mfuko, na utenganishe vyungu ili hewa ipite. Kwenye mashamba ya viazi fuko naye ni tishio, kwa hiyo nimependelea vyungu badala ya ardhi tupu, angalau mpaka mmea ukomae.

Baridi ya jokofuni

Kuanzia Novemba punguza maji taratibu, bila kuuacha udongo ukauke kabisa. Kufikia katikati ya Desemba, usiku wa nyanda za juu ukiwa mkavu na wenye baridi, majani ya nje yataanza kugeuka manjano na kulegea. Kwa mkulima asiyeujua mmea huu hapo ndipo moyo unapovunjika, lakini mmea unajiandaa kulala tu. Katikati ya kitako, kwa kiwango cha udongo, utaona chipukizi lililofumbwa, nene na lenye nywele nyingi za rangi ya kutu. Hilo ndilo uhai wa mwaka ujao. Kata majani yaliyonyauka sentimita mbili juu yake, usiliguse lenyewe.

Sasa chungu kiende jokofuni, kwenye joto la nyuzi 2 hadi 4, kwa wiki kumi hadi kumi na mbili. Jokofu kuukuu la soda lenye mlango wa kioo ni zuri kwa kazi hii, na vyungu zaidi ya kumi vinaweza kuingia humo. Aliye na ndugu katika shamba la maua la Naivasha anaweza kuomba nafasi katika chumba baridi, kwa kuwa vyumba vya kuhifadhia waridi huwekwa kwenye joto linalokaribia hilo hilo. Mmea uliolala hauhitaji mwanga. Unahitaji udongo wenye unyevu mdogo, kiasi cha kukuacha na ubaridi kidoleni bila kukulowesha, na ukaguzi wa kila wiki. Penye kuvu jeupe futa kwa kitambaa kikavu na uufungue mlango kwa dakika chache.

Mambo mawili huharibu kazi hapa. La kwanza ni matunda: ndizi, maembe na maparachichi yanayoiva hutoa gesi ya ethileni, ambayo katika nafasi iliyofungwa hudhuru machipukizi, kwa hiyo jokofu hili lisiwe la jikoni. La pili ni umeme kukatika. Jaza nafasi zilizobaki kwa chupa za maji. Zikishapoa huihifadhi baridi kwa saa nyingi, mradi mlango usifunguliwe.

Wazo la kuulaza mmea mahali pengine na kuuamsha pengine lina mfano mkubwa. Longwood Gardens, bustani iliyoko Pennsylvania nchini Marekani, mahali ambapo kiangazi ni cha joto kupita kiasi kwa mpopi huu, huonyesha mamia ya mipopi ya samawati ndani ya nyumba yake ya vioo karibu na mwezi Machi kila mwaka. Vitako vilivyolala huletwa kutoka Alaska, huwekwa kwenye baridi, kisha huamshwa kwa joto la wastani. Sisi tunafuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa baridi yetu inatoka kwenye soketi ya ukutani.

Kuamka na kuchanua

Katikati ya Machi, mvua zikianza kunusika, toa vyungu na uviweke kivulini kwa wiki moja kabla ya kuvipeleka kwenye mwanga wa asubuhi. Usivitoe jokofuni na kuviweka juani siku hiyo hiyo. Chipukizi likianza kufunguka, anza kumwagilia kwa wingi kidogo kidogo, na mvua zikishatulia uhamishie mmea ardhini kwenye shimo la upana na kina cha sentimita 40, lililojazwa mchanganyiko ule ule, au kwenye chungu kikubwa zaidi. Acha sentimita 45 kati ya mmea na mmea. Tandaza majani ya msonobari unene wa sentimita tano kuzunguka kitako, ila yasikifunike.

Bua la maua huweza kuanza kupanda ndani ya wiki chache, na hapo unafika kwenye uamuzi mgumu kuliko yote. Mmea wa baileyi unaochanua ukiwa na kitako kimoja tu mara nyingi hutumia nguvu zake zote kwenye mbegu na kufa, ingawa spishi yenyewe inaweza kudumu miaka mingi. Ukilikata bua hilo la kwanza likingali fupi, mmea huelekeza nguvu chini na kutoa vitako vya pembeni, na mwaka unaofuata utakuwa na mabua zaidi ya moja. Ninajua ni maumivu kuukata mche uliouhudumia kwa mwaka mzima. Ikiwa unayo mimea sita, acha mmoja au miwili ichanue, ile iliyo minene kuliko yote, na ikate mingine.

Ile utakayoiacha huchanua mnamo Mei au Juni. Ichomekee kijiti kabla bua halijafika nusu mita, maana upepo wa mvua huliangusha, na ulifunge kwa uzi laini ulioachwa na nafasi. Ua moja hudumu siku chache tu, lakini bua hufungua maua yake moja baada ya jingine kuanzia lile la juu, kwa hiyo mmea mmoja unaweza kukupa wiki mbili au tatu za kutazama. Mvua ya mawe ni hatari ya kweli katika maeneo ya Molo na Kuresoi, na wavu wa kivuli uliofungwa vizuri huivunja nguvu.

Mbegu na mgawanyo

Petali zikishaanguka, kata vitumba vyote vya mbegu isipokuwa viwili au vitatu. Unavyoviacha vitakauka na kuwa vya kahawia, na vikianza kufunguka nyufa upande wa juu, vikate na kuvipindua juu ya karatasi nyeupe. Mbegu nzuri ni za kahawia iliyokolea na huteleza zenyewe. Zikaushe ndani ya nyumba kwa siku chache, kisha zitie kwenye bahasha na jokofuni mpaka Aprili. Mbegu hizi hazihitaji kuagizwa wala kusubiri bandarini, na ikiwa miche yake itatoka kwa wazazi walioivumilia hewa ya kwenu, ni heri kuanza na hizo kuliko pakiti mpya.

Vitako vya mmea uliokatwa bua hugawanywa mwaka wa tatu, siku ile ile unapoutoa jokofuni mwezi Machi. Ondoa udongo kwa maji, siyo kwa vidole, mpaka uone jinsi vitako vilivyoungana, halafu vitenganishe kwa kisu kilichochomwa motoni na kupozwa, kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake. Vipande vidogo visivyo na mizizi ya kutosha vipandwe pamoja kwenye chungu kimoja kivulini na visiruhusiwe kuchanua mwaka huo.